Msumeno, Ekeri na Mlango wa Maman Zawadi

Jumatano, mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Kasha wote ni matope. Nimelowa, mgongo unauma, na nina furaha ambayo sikuistahili.

Jirani yetu Maman Zawadi amelala sebuleni kwetu majuma mawili na watoto wake watatu, tangu wenye bunduki walipouvunja mlango wake kwa mateke wakabeba kila kitu. Mume wake alikuwa amekwenda Kavumu kutafuta maharagwe. Barabara ikafungwa, na hadi leo hatuna habari zake. Hatulizungumzii sana jambo hilo. Yeye anataka kitu kimoja tu: alale kwake, ili mume akirudi asikute nyumba tupu.

Fundi wa mtaa amekimbia. Kutengeneza mlango mpya nikajitolea mimi, mwalimu wa hesabu mwenye msumeno wa meza nyuma ya nyumba.

Niseme ukweli kuhusu msumeno huo. Ni wa bei rahisi, meza yake ni bati jembamba, na ukiuwasha unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mlango wa kwanza niliotengeneza uliinama upande. Juu palibaki pengo la kupitisha mkono. Maman Zawadi aliutazama, akasema, "Iko muzuri, Papa Prof. Pale juu tutaweka kitambaa."

Kitambaa!

Jumapili baada ya misa nikaanza kuutibu msumeno. Nilitia alama ya chaki kwenye jino moja la diski, nikapima kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji wa meza, kisha nikalizungusha hadi nyuma, nikapima tena. Tofauti, milimita tatu. Kumbe diski ilikuwa imekaa upande miaka yote! Nikalegeza bolti za chini, nikagonga kidogo kwa kipande cha mti, nikapima, nikagonga tena, mpaka vipimo vikalingana. Halafu nikachukua ekeri kubwa ya shule, ile pembetatu ya mbao ninayochorea pembe mraba ubaoni, nikakinyoosha nayo kisukumio kinachoushika ubao unapopita kwenye diski. Umeme uliporudi Jumatatu, nikakata mbao upya. Zilitoka laini, mimi napiga mluzi.

Mlango ukainama vilevile.

Nilikasirika. Niliulaumu msumeno, nikazilaumu mbao, nikavilaumu hata vita. Mke wangu Nsimire, ambaye ni mshonaji, alikuwa akinitazama kutoka kwenye cherehani yake. "Na hiyo ekeri, uliipima? Sisi wa kushona tunageuzaka. Geuza."

Nikachora mstari, nikaigeuza ekeri, nikachora mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikaachana: pembe ya ekeri haikuwa mraba.

Aibu ilinishika. Ekeri ile niliikata mimi mwenyewe, baada ya shule kuporwa na ile ya zamani kufanywa kuni. Na niliikata kwa msumeno huuhuu. Yaani nilimwita mtoto atoe ushahidi juu ya baba yake. Mimi, ninayewafokea wanafunzi kila mwaka kwamba wahakiki!

Jana nilichora pembe mpya kwa sentimita thelathini, arobaini na hamsini, kama ninavyofundisha. Nikairanda ekeri mpaka mistari ikalaliana, ndipo nikakirekebisha kisukumio na kukata kwa mara ya tatu.

Leo mimi na Nsimire tuliubeba mlango mvuani, tukaupachika kwenye bawaba. Maman Zawadi aliusukuma kwa kidole kimoja. Safari hii hakunisifu.

"Papa Prof, toka inje kidogo, nifunge."

Tukatoka. Akafunga. Nilisikia komeo likiingia, kisha kilio chake. Nsimire alitaka kugonga, nikamshika mkono. Tulisimama pale tukilowa, na sijawahi kufurahi hivyo kufungiwa mlango usoni.

Kesho nitaingia darasani na ekeri hii, niwaambie wanafunzi wafute pembe zote walizochora mwaka huu, na kwa nini. Watacheka. Wacheke.

Sebule yetu sasa ni pana mno. Nsimire amekunja mikeka. Nami kuna swali haliniachi: Papa Zawadi akifika na kukuta mlango asioujua, umefungwa barabara, atajua kwamba ni kwake?

Agonge tu. Eh Mungu, agonge.