Rachida Alikuwa Amefunga

Kasongo, tarehe 20 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Iliasi,

Assalaam alaikum. Barua hii ikukute umeshiba na huna homa, wewe, Julienne na watoto. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua hazikosi. Mgongo wako uliokuwa unauma kwa kukaa sana na vitabu, umepona? Unaupaka mawese ya moto kama nilivyokuambia, au unaona haya mbele ya maprofeseri wenzako wa Kisangani?

Utashangaa: karatasi ya nini, na telefoni iko? Iko, ndiyo. Lakini sauti zangu unazisikiliza mbele ya watu, na kwenye grupu ya familia, ukiandika neno moja tu, unajibiwa na mikono ishirini ya dua kabla mutu hajalisoma. Kwa hiyo nimemsumbua Kamaldine, mtoto wa fundi cherehani, anayekuja huko kupitia Kindu. Nimemwambia akiipoteza njiani asirudi Kasongo.

Nyumba ya mama bado imesimama. Upande wa jiko nimebadili mabati. Juzi nilikuwa nafagia ukumbini, nikakuta nimesimama tu na fagio mkononi, natazama pale tulipokuwa tunakula sisi watatu, mimi, wewe na Rachida. Unalikumbuka sinia letu lenye ua jekundu katikati? Tulikuwa tunakula mbio mbio tuone nani atalifikia ua kwanza, na Rachida akilikaribia anasimama, anakuachia wewe. Wewe ukadhani una mkono mwepesi, maskini!

Mambo ya mwanzo huwezi kuyakumbuka, ulikuwa na miezi miwili. Mimi nilikuwa na miaka saba. Mama yake Rachida alifariki kwa uzazi, baba yake, mzee Djamali, akamleta kwetu amefungwa katika shuka, kisha akaenda Salamabila kutafuta dhahabu. Mama akamnyonyesha. Wewe ziwa hili, yeye ziwa lile. Mchana nilikuwa namfunga mmoja mgongoni na mwingine nambeba kiunoni, nazunguka nao uani mpaka miguu inatetemeka. Siku zile nilikuwa nalalamika. Leo ningetoa kitu chochote nizirudie, hata kwa saa moja.

Na Baraka unamkumbuka, yule mwenye kigugumizi? Watoto wa kartie nzima, mtaa wote, tulikuwa tunamzunguka, tunamwimbia maneno yake yaliyokatika. Mimi nilikuwa naimba. Wewe pia ulikuwa unaimba, usijifanye sheikh. Siku moja Rachida akatoka kwenye duara, akaenda kukaa karibu naye katika matope, na kanzu yake nyeupe ya chuo cha Kurani. Hakugombana na mutu. Alikaa tu, na wimbo ukatufia mdomoni. Mama alimpiga kwa sababu ya ile kanzu, na sisi hatukusema kitu.

Sasa kaa chini vizuri. Kila uliponiuliza Rachida hajambo, nilikujibu hajambo, iko na shughuli zake. Nilikudanganya. Rachida hayuko Kasongo tangu Shaabani. Iko Kabambare kwa shangazi wa marehemu mume wake, na hapa aliondoka na nguo moja, jicho limevimba. Katika habari hiyo mkono wangu umo.

Ilikuwa harusi ya binti wa Zakaria, mwenye duka la chumvi na sabuni. Unazijua harusi zetu za Shaabani, watu wanakimbizana kuoza kabla Ramadhani haijaingia. Umoja wa mama wa kartie ndio uliopika, wanawake arobaini, kitenge kimoja cha kijani, na mimi mkubwa wa jiko. Rachida alishika chungu cha nyama. Tangu aliporudi mjane kutoka Salamabila alikoolewa, hakuna aliyemfikia kwa mchuzi.

Bwana harusi na watu wake walikuwa wanatoka Kabambare kwa pikipiki. Matope yakawashika njiani, harusi ikasogea siku moja, na mbuzi tulikuwa tumekwisha kuwachinja. Ni mimi niliyesema nyama ikae kwenye mabeseni ya plastiki, tufunike vizuri, tutapika kesho. Rachida alisema tuichemshe na chumvi jioni ile ile. Nikamjibu kuni hazitoshi. Uongo. Kuni zilikuwepo, nilikuwa nimechoka.

Asubuhi tukiosha mchele, akaninong'oneza, akiniita yaya kama ninyi wadogo zangu mnavyoniita: "Yaya, mimi leo nimefunga. Ninalipa deni langu la Ramadhani, zimebakia siku mbili. Usiseme mbele ya hawa wasichana." Wewe ni mwanamume lakini una mke, unajua deni hilo linatoka wapi na kwa nini mwanamke hapendi kulitangaza. Nikamwambia Mungu akupokelee.

Desturi yetu unaijua. Aliyekoroga chungu ndiye anaonja kwanza, mbele ya wenzake, ndipo sinia litoke kwa wageni. Mama alikuwa hakubali hata maharagwe yatoke bila hiyo, maana watu wa huku tunaogopa sumu kuliko chui. Wanachuoni wanamruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, najua. Rachida hata hiyo hakutaka, unamjua anavyojikaza. Alicheka tu, akasema: "Pelekeni, mimi harufu inanitosha." Tukapeleka.

Saa tisa wageni wakaanza kutapika. Shangazi zake bwana harusi, watoto, imamu mwenyewe. Alhamdulillahi, hakufa mutu, na kesho yake muuguzi alisema wazi kwamba nyama ililala vibaya. Lakini kesho yake ilikuwa mbali. Siku ile sauti moja iliuliza, mpaka leo sijui ya nani: "Nani hakuonja?" Ya pili ikajibu: "Rachida." Ya tatu: "Si ametoka Salamabila? Nani anajua alijifunza nini kule?" Basi. Mutu aliyelelewa nyumbani kwetu akawa mgeni kwa maneno matatu.

Wale wanawake nawajua mmoja mmoja, Iliasi. Aziza hawezi kuchinja kuku bila kulia. Lakini siku ile, katika kile kitenge cha kijani, sikuona Aziza wala nani, niliona kijani tu kinasogea. Wakamwekea chungu mbele yake. "Aonje! Aonje!" Akasema taratibu: "Nimefunga." Wakacheka: "Saumu imezaliwa saa hii?" Akabana midomo, na kwao ile midomo iliyobanwa ikawa ndiyo kukiri. Wakamvuta kilemba, wakamchania kitenge, wakamvunjia vyombo. Jiwe likatoka nyuma, likampata juu ya jicho.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Aliniangalia. Hakuniita jina, aliniangalia tu. Neno lilikuwa moja: kweli amefunga, aliniambia asubuhi. Lakini nyuma ya neno hilo lingekuja swali, basi nyama imefanya nini, na nyama niliifunika mimi. Nikangoja mwingine aseme. Nikangoja. Kisha, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukafunguka na "Aonje!" ikatoka. Nilipiga na makofi. Makofi, mudogo wangu, kwa mutoto niliyembeba kiunoni.

Wavulana wawili wakamtoa kwa nguvu, na kabla ya magharibi alikuwa juu ya pikipiki. Sijui alifuturu na nini.

Ubaya haukuishia hapo. Siku zilizofuata moyo wangu ulianza kumtafutia makosa. Nikakumbuka alikuwa anajiona. Nikakumbuka hakunirudishia kinu changu. Nikasema, na ile saumu, kwa nini ya siri siri hivi? Nilikuwa namchukia kidogo kidogo, kama mutu anayekula njugu, ili ninyamaze na nilale. Ukiniuliza habari zake kwenye telefoni, nilikuwa nakasirika na wewe.

Mwezi wa nane Sarah-Grâce, yule mwanafunzi wako wa huku kwetu, akaja likizo na kaye, daftari la masomo yako. Nikamwambia nisomee kwa Kiswahili, nione huyu mdogo wangu serikali inamlipa kwa kazi gani. Nilikuwa nataka kucheka. Akanieleza habari ya yule mutu anayewekwa kati ya wenzake na kuonyeshwa mistari. Anaona kwa macho yake huu ndio mrefu, lakini wenzake wote wakisema ni ule, naye mara nyingine anasema ule. Na akipatikana mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, anapata nguvu. Akanieleza kwamba penye watu wengi kila mmoja anangoja mwingine asaidie. Akanieleza kwamba mutu akitenda jambo baya, mawazo yake huhama polepole mpaka yalifuate lile jambo. Hapo nikamwambia mwanangu, funga kaye. Nikaenda nyuma ya jiko, nikalia mpaka kilemba kikalowa.

Lakini nikuambie ukweli, kaye yako ilinipa na mahali pa kujificha. Kumbe ni kundi! Kumbe hata wazungu wenye viatu wanafanya hivyo! Nililala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza: kundi lina mdomo gani? "Aonje" ile ilitoka katika mdomo huu wenye meno yangu.

Na umoja nao ulikuwa umeamua jambo lake. Baada ya maneno ya muuguzi kuenea, wakasema: tumekosa sisi wote, tupeleke mbuzi Kabambare, yaishe. Sisi wote! Nilitafuta huyo Sisi Wote anakaa nyumba gani, sikumwona. Mbuzi angekwenda, mbuzi angeomba msamaha, nasi tungebaki hapa na kitenge chetu.

Nikapanda pikipiki ya Kassimu, yule dereva wa hapa, bila umoja. Siku mbili, mdogo wangu, na hili goti. Tulianguka mara tatu, na mara moja tulivuka mto pikipiki ikibebwa na watu kama bibi harusi. Njiani nilikuwa nafikiri jinsi mama angenitazama.

Nilimkuta Rachida anaanika mihogo. Amekonda, na kovu limegawanya nyusi yake. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama: nilijua umefunga, nyama niliifunika mimi, na nilipiga makofi. Akaendelea kugeuza mihogo kipande kwa kipande. Nikamwuliza mbona siku ile hakunitaja. Akasema: "Shahidi wa kusukumwa si shahidi, yaya. Kelele yao mimi sikuisikia. Nilikuwa ninangoja sauti yako."

Wallahi ningependa jiwe.

Baadaye alinipa chakula, tukala sinia moja, tukakumbuka ulivyokuwa unaiba ngozi ya wali, ule ukoko, chunguni. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona bado hajanisamehe. Nilipokuwa napanda pikipiki akaniambia: "Mimi sitaki mbuzi. Kaseme pale uliponyamaza."

Ijumaa iliyopita nilisema. Uani kwa Zakaria, umoja wote, kitenge kile kile. Miguu ilikuwa inanitetemeka kama siku zile nilipowabeba ninyi wawili. Nilieleza saumu, nikaeleza mabeseni, nikaeleza na makofi. Nikadhani sasa ni zamu yangu ya kuvutwa kilemba. Kisha Aziza akainuka, anatazama chini: "Na mimi nilijua. Adhuhuri nilimpa maji, akaniambia nimefunga." Akainuka mwingine, kisha mwingine, aliyelala chumba kimoja na Rachida na kumsikia akiamka kula daku. Wanne tulikuwa tunajua, Iliasi. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, akapiga kelele na wasiojua kitu.

Kilio kikaanza uani kote, halafu wakaruka: twende sote tukamchukue, na ngoma, na pikipiki kumi! Unawajua mama zetu, machozi na ngoma havikai mbali. Nikawaambia hapana. Mlikwenda kwake kama kundi siku ile, inatosha. Namba ya telefoni yake ni hii. Kila mutu apige mwenyewe, aseme jina lake na alichokifanya. Wengine walinuna, wakasema Asma anajifanya mtakatifu. Mpaka jana jioni, kati ya wanawake arobaini, Rachida amepokea simu sita. Ya jiwe bado. Nilimwuliza kama atarudi, akasema: "Ninahesabu kwanza sauti."

Mwandikie na wewe. Ni dada yako kwa maziwa, na wewe pia ulikubali majibu yangu mepesi miezi yote hii. Djamila, binti yangu, anakusalimu, anasema umletee viatu vya namba thelathini na tisa. Mzee Asani jirani anakusalimu, haoni tena lakini sauti yako kwenye telefoni anaijua. Nipigie Julienne busu, na watoto uwavute masikio kidogo kwa niaba yangu. Mungu awakinge na njia mbaya na maradhi, akupe ulimi wa kusema kweli ukiwa peke yako, maana kati ya watu huwa tumechelewa.

Jambo moja la mwisho, profeseri. Ukiwafundisha watoto wa watu habari za makundi, usiwaambie "katika mji fulani, mwanamke fulani". Waambie ni Kasongo. Waambie ni dada yangu wa tumbo moja, alijua, akanyamaza, akapiga makofi. Andika jina langu ubaoni, kwa chaki, walisome wote: Asma.

Ndimi niliyekubeba na ninayekupenda,

Yaya wako Asma