Bawa Ulilonikataza Kufungua

Tata,

Bwakire. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini huku kumekucha na nimekalia sanduku lako la zana. Hii ni siku ya pili tangu yatokee. Jana nilijaribu kukuandikia nikashindwa, nikachana karatasi tatu zenye jina lako tu. Leo afadhali. Nitakueleza yaliyotokea, kisha nitakuuliza swali moja. Najua hutanijibu, na hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Ni miezi miwili sasa. Uliondoka ghafla, umetoka shambani, hata gambuti hujavua, na mtu akifa hivyo anaenda na maneno mengi mdomoni. Tulikuzika nyumbani kwako Nyamira, pale juu ya michai, kwa mvua. Mwanao Nyakundi akasimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu wote kwamba yeye ni rubani na hatamuaga baba yake kwa maua. Siku ya ibada ya ukumbusho angeileta ile ndege ya manjano, aipitishe juu ya boma mara mbili, mama yake aione kwa macho yake. Watu walipiga makofi, Tata, matangani. Mimi pia nilipiga.

Unajua vile ndege hiyo ilivyokuwa kwetu. Mbao na kitambaa tu, kongwe kuliko mimi na wewe tukijumlishwa, ilikuwa ikimbeba meneja wa mashamba ya chai upande wa Kericho, hadi ulipoikuta kuku wanatagia kwenye kiti cha rubani. Zile nyingine mbili za zamani za chama chetu cha ndege, pale kiwanjani, zina mafundi wao wa Nairobi. Zinapaa sikukuu, watoto wa shule wanapiga kelele, basi. Ya manjano ndiyo ilikuwa yetu. Miaka saba tumeishughulikia, mimi na wewe, na haikuwahi kuondoka chini.

Nilikuja kwako nina miaka kumi na tisa, vidole vyeusi kwa kuchuma chai na mama kule Itumbe. Hukuniuliza nimesoma hadi wapi, nami nikakuita Tata, baba, ingawa si wewe uliyenizaa. Ulinipa kinyundo cha mbao, ukaniambia nigonge boriti ya bawa, ule mti mrefu unaopita ndani na kubeba uzito wote, nigonge kutoka mwanzo hadi mwisho na nisikilize. "Mbao nzima inaitika. Mbovu inanyamaza." Wiki nzima nilikuwa nagonga tu. Nyumbani niligonga kitanda, mlango, mama akauliza kama nimerogwa.

Ukanifundisha kila kitu, hata kupaka unga wa mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago, ndani ya tairi ili tyubu isishikane. Kitu kimoja tu ulininyima. "Bawa la kushoto niachie, Kemunto. Hilo ni la mzee." Nikadhani ni maringo ya ufundi. Nilikutania kwamba umeoa mke wa pili na umemficha kwenye kitambaa, ukacheka hadi miwani ikaanguka. Kila Januari ulijifungia nalo siku moja, ukatoka unanukia rangi mpya.

Sasa nisikilize.

Kila mwaka ulituambia ndege hairuki kwa sababu pampu ya mafuta haijafika kutoka ng'ambo. Nyakundi alipofungua kabati yako baada ya mazishi aliikuta. Iko kwenye boksi lake, utepe haujakatwa, vumbi la miaka juu yake. Tukaangaliana. Yeye akacheka, kisha akalia, akasema mzee alikuwa ameanza kusahau. Nikakubali. Ati wewe kusahau! Wewe uliyekumbuka bolti niliyoikaza kupita kiasi mwaka wangu wa pili, ukanitajia hadi siku. Ilinipasa kusimama hapo hapo nijiulize. Sikusimama, kwa sababu nilitaka iruke.

Tukaifunga pampu. Injini ikawaka mara ya pili tu ya kuzungusha propela, na wachumaji wakaacha vikapu wakaja mbio kutazama. Karatasi za ruhusa zilikuwa tayari zote isipokuwa ukurasa mmoja katika kitabu cha ndege: bawa la kushoto, limefunguliwa, limekaguliwa, sahihi ya fundi. Fundi sasa ni mimi. Leseni niliipata mwaka jana, ukaninunulia soda nzima na mkate na ukawaambia watu wote sokoni.

Nilitia sahihi, Tata. Sikulifungua.

Nimeandika hiyo sentensi nikatoka nje nikazunguka hangari, sasa nimerudi. Sitafuti udhuru, lakini nataka ujue vile ilikuwa. Nilisimama mbele ya lile bawa na kisu mkononi, nikaona kulipasua ni kama kumpekua marehemu mifuko. Nikasema, kama kuna bawa moja Kisii nzima ambalo halina neno, ni hili, kwa sababu ni mkono wake mwenyewe. Nikakunja kisu nikaandika jina langu. Hiyo ndiyo heshima niliyokupa.

Juzi Jumapili asubuhi, kabla ya mvua, Nyakundi alikaa kwenye kiti amevaa sweta yako ya kijani. Alijifunga mkanda. Kule Nyamira viti vilikuwa vimeshapangwa, majirani wamekuja, mama yake ameketi mbele. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha propela. Akaniambia ngoja kidogo aombe, akainamisha kichwa.

Mimi nikasimama karibu na bawa lako nikingoja amalize. Kiwanja chote kimya. Na mkono wangu, sikuutuma, ukaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, vile ulivyonizoesha. Pale karibu na mwili wa ndege, mahali panapobeba kila kitu.

Haikuitika.

Nikagonga tena. Nikahamia bawa la kulia, likaitika vizuri. Nikarudi kushoto, kimya. Nyakundi akasema amina na kuniambia nizungushe. Nikamwambia ashuke. Akasema kwa upole, kama unavyomjua, kwamba mama anangoja.

"Shuka, Nyakundi. Nilitia sahihi ya uongo."

Alishuka. Nilikata kitambaa mbele yake, kitambaa chako ulichokishona kwa mkono, na nikaingiza bisibisi kwenye boriti. Ikazama hadi mpini. Nilipoivuta, mbao ikatoka nayo nyeusi, laini, kama majani ya chai yaliyochujwa. Mvua za huku, Tata, miaka na miaka inachuruzika ndani. Ingebeba mtu dakika ngapi? Ingekatikia wapi? Labda juu ya boma lako hasa, mkeo akitazama.

Na hilo silo lililoniangusha. Lililoniangusha ni kalamu nyekundu. Mistari sita imechorwa kwenye boriti, kila mmoja mbele kidogo ya mwenzake, na kila mmoja una mwaka pembeni kwa mwandiko wako. Ule wa mwisho ni wa Januari hii. Ulikuwa unapima uozo unavyotembea. Unafungua, unachora, unashona, unapaka rangi, unatoka nje unatuambia pampu haijafika.

Nyakundi alitazama ile mistari muda mrefu. Akasema maneno mawili tu, "Baba alijua," kisha akaenda barabarani kutafuta boda.

Tukaenda Nyamira kwa pikipiki, wote wawili nyuma ya mwenye boda. Tulipofika, watu walikuwa wameinua nyuso juu wakitafuta mbinguni, na sisi tunaingia kwa lango na matope miguuni. Hakuna aliyetuona kwanza. Mama Nyakundi ndiye aligeuka, akamuona mwanawe amesimama chini, na bado sijui uso ule nitauita nini. Alimshika kichwa kwa mikono miwili kama anakagua kama ni mzima.

Tulimweleza ndani ya nyumba. Hakulia. Alisema ulimwambia mara moja, miaka mingi iliyopita, kwamba bawa lina ugonjwa. Ulisema, "Siku nikitangaza, karakana itafungwa, na yule msichana atarudi kwenye chai kabla hajapata cheti." Alidhani ulishalitibu. Akawa anarudia hivyo tu, alidhani ulishalitibu, huku amemshika Nyakundi mkono hataki kuuachilia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hawasemi nani mwingine angezikwa naye.

Kwa hiyo ilikuwa kwa ajili yangu. Miaka sita ulidanganya chama, ukamdanganya mwanao, ili nijifunzie ndege ambayo haitapaa. Mtu aambiwe hivyo afanye nini? Jana nilikuwa nakushukuru kwa machozi saa nne, na saa tano nakutukana kwa Ekegusii, Nyasae anisamehe.

Na swali langu ndilo hili. Leseni niliipata mwaka jana. Tulikunywa soda. Kutoka siku hiyo hadi ulipoanguka ni zaidi ya mwaka, Tata, na kila siku tulikuwa sisi wawili kwenye hangari hii. Mbona hukuniambia? Ukaja Januari tena na kalamu yako nyekundu. Sababu ilikuwa imeisha, uongo ukabaki. Labda uliuzoea. Labda uliipenda hiyo ndege hadi hukuweza kusema kwa sauti kwamba imekufa. Labda uliona haya mbele yangu. Ningekuelewa. Ningekugombeza siku tatu, halafu ningekuelewa, na tungeifungua pamoja.

Nimefanya haya. Sahihi yangu nimeipiga mstari, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba boriti imeoza na ndege hairuhusiwi kuruka, jina langu na tarehe. Jana niliwaandikia wanaotoa leseni nikawaeleza kwamba nilitia sahihi bila kufungua. Nyakundi alinisihi nisipeleke, akasema hakuna aliyekufa. Nimepeleka. Huenda wakaichukua leseni yangu, ile karatasi uliyoidanganyia dunia nzima niipate. Ikiwa ni hivyo nitairudia mitihani, au nitachuma chai, mikono ninayo. Wazee wa chama nao wanakutana Alhamisi kuamua kama karakana itabaki.

Mistari yako sijaifuta. Nimemwambia Nyakundi tuikate hiyo sehemu ya mbao tuiweke ukutani ili yeyote atakayejifunzia hapa aione, na nimwambie ni nani aliyeichora na ni nani aliyetia sahihi bila kuiona.

Pumzika sasa, Tata. Bado nimekasirika na bado nakutafuta kila mlango ukilia. Nitatengeneza boriti mpya, hata kama itanichukua miaka mingine saba, na itatazamwa na macho kumi kabla ya kitambaa kushonwa. Na siku nitakapotia sahihi tena, mwanao hatapanda peke yake. Nitaketi kiti cha nyuma, nijifunge mkanda, ndipo tuzungushiwe propela.

Ni mimi,
Kemunto wako.