Sindano ya Mama na Jogoo wa Kikatiti

Nkoaranga,
Meru, Arusha.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Meshack,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa jana ulikata simu kabla hujanipa. Hujambo lakini? Wifi yangu Namnyaki hajambo? Lucky na Jackline vifua vinaendeleaje, bado wanakohoa? Huku baridi ya Juni imeshuka na ukungu wake wote, mpaka saa nne asubuhi hatuoni migomba ya mpakani. Mimi mkono unaniuma kidogo lakini naandika. Mama yupo, anakula, anagombana na kuku wake. Hilo nalisema mapema ili haya mengine uyasome umetulia.

Najua umenikasirikia. Nilikuambia usije Alhamisi na watoto, ukaniuliza tangu lini mtu akazuiwa kwenda kwa mama yake, ukaniita daktari wa kuku, ukakata. Tangu hapo simu yangu hupokei. Haya. Barua hii anakuletea Prosper wa baba mdogo, basi lao linaondoka Jumatatu kuja Tabora, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu dukani. Isome kabla hujakata tiketi. Kama umeshakata, isome vilevile.

Kwenye grupu la familia sikuandika kwa sababu haya si ya grupu. Utaona mwenyewe.

Mafua ya safari hii, Meshack, si yale ya kunywa tangawizi ukalala. Kwaya imesimama. Mchungaji ametangaza tusipeane mikono ibadani, na waliokuwa wakicheka tangazo lile ndio wako kitandani sasa. Mzee Eliud wa pale chini, yule aliyekuwa akimletea Mama majani ya ng'ombe, wiki iliyopita aliugua Jumapili, akafa Jumanne, Alhamisi tukamzika. Alikuwa na pumu kama Mama. Tuliporudi kutoka msibani Mama alikaa jikoni ameshika kifua chake mpaka chai yake ikapoa. Niliogopa sana. Tangu Baba atutoke sijaogopa namna ile.

Ndiyo maana sikurudi mjini. Kibanda changu cha kushona pale Sakina kimefungwa wiki ya pili sasa, na mafundi magari wa jirani wananipigia simu kuuliza kama nimehama.

Jumatatu hii wakaleta chanjo ya mafua haya pale zahanati. Ya wazee, wenye pumu, wenye sukari na presha, na wale wanaowahudumia. Mwisho Ijumaa, saa tisa. Nikamwambia Mama avae twende. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe Elinipa, na chanjo zako."

Unajua alimaanisha nini. Ukoo mzima unajua. Miaka sita nabeba kuku arobaini na tatu wa harusi yako mgongoni. Mimi ndiye niliyenunua chanjo ya kideri pale Tengeru, nikaileta huku ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nikakamata kuku mmoja mmoja, tone moja jichoni, mpaka kucha zao zikanichana mikono. Siku ya tatu wakaanza kuzubaa, siku ya sita banda lilikuwa jeupe. Wakwe zako wakaja wakala kuku wa kizungu wa kununua, na shangazi akasema mbele yao kwamba wa kienyeji wameuawa na dawa za Elinipa. Nilitamani ardhi inimeze. Na jina la daktari wa kuku, bwana mdogo, wewe ndiye uliyelianzisha.

Basi Mama akatoa sharti lake. "Anza wewe. Nikuangalie siku tatu. Kuku walianza siku ya tatu." Nikaenda peke yangu Jumatatu hiyohiyo, nikachomwa, nikarudi kumwonyesha pamba mkononi.

Wewe Meshack! Jumanne niliamka na homa. Nesi alishaniambia yaweza kuja kidogo na itaondoka yenyewe, lakini hayo utamwambia nani? Nikijilaza tu, Mama haendi zahanati milele. Nikavaa sweta mbili, nikafagia uwanja mzima huku meno yanagongana. Alikuwa ameweka kiti mlangoni, ananiangalia vile anavyoangalia kuku, kama nakula, kama nazubaa, kama shingo imesimama. Akanipakulia ndizi sahani imejaa. Nilizimaliza zote, nikaenda nyuma ya zizi nikazirudisha. Niliporudi akaniuliza, "Umeshiba?" Nikamwambia mno. Akasema, "Unakula kama mtu anayefukuzwa."

Jumatano homa ikaondoka. Alhamisi, siku ya tatu yake, nilimkatia ng'ombe majani na nikamwimbia pambio moja zima apate kusikia kwamba kifua changu ni kizima. Nikamwambia, haya Mama, nimekufa? Akasema tuone kesho.

Kesho ndiyo jana, Ijumaa. Saa nne akasema anamenya ndizi. Saa tano akasema mguu unamvuta. Saa sita nikashindwa kujizuia. Sijawahi kumfokea Mama maishani mwangu, Mungu anisamehe, jana nilimfokea. Nilimwambia, "Sawa, usiende. Yakikushika nitakuuguza mimi, na ukifa nitakuzika mimi, halafu watasema ni Elinipa tena!"

Alisimamisha kisu. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani na ile fimbo ya Baba. Hakuniambia twende. Alitangulia tu.

Kile kinjia unakijua kilivyo na utelezi ukungu ukishuka. Tulisimama mara nne apate pumzi, nami kila akisimama naangalia saa kwenye simu. Tulifika saa nane na nusu, wameshaanza kufuta benchi. Nesi anaitwa Hope, binti mpole, akatukalisha, akaanza maswali yake. Una homa leo? Hapana. Dawa za pumu unatumia? Natumia. Nyumbani kuna mtu anayeumwa, au kuna mgonjwa umekaa naye karibu?

Hapo Mama akainamia fimbo yake. Nikadhani hakusikia, nikataka kumjibia. Akaniwekea mkono gotini, akamwambia yule binti, "Mara ya mwisho niliulizwa hivyo nilidanganya."

Meshack, nisikilize vizuri. Siku ile ya chanjo ya kuku, nilipofika na chupa yangu ya chai, kitu cha kwanza nilimuuliza Mama kama kuna kuku anayeumwa, maana mwenye duka aliniambia chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Mama akajibu wote wazima. Kumbe siku mbili kabla alikwenda sokoni Kikatiti akanunua jogoo. Mwekundu, anasema, shingo ya dhahabu, alitaka awe wa mbegu baada ya harusi yako. Tangu njiani jogoo anainamisha kichwa kikapuni, Mama akasema ni uchovu wa safari, akamwingiza bandani na wenzake. Asubuhi ile nakuja, jogoo alikuwa amekufa. Mama akamfukia migombani kabla sijafika. Alitegemea chanjo yangu itawahi, na isipowahi, basi.

Haikuwahi. Na watu waliposema ni dawa, akaacha waseme. Yote haya aliyatoa pale kwenye benchi, mbele ya nesi na akina mama wawili wa Kikristo wanaokaa viti vya mbele kanisani. Akasema kila siku alitaka kuniambia, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Akasema hakuwa akiogopa sindano, aliogopa kwamba akichomwa akawa mzima, itakuwa wazi kuku hawakuuawa na chanjo, na mimi nitauliza.

Nililia. Si kwa ajili ya kuku, walishakufa hao. Nililia miaka sita ya kuchekwa kila harusi, na yeye amekaa palepale, ananipakulia chakula. Nilikasirika pia, sitakuficha. Wakati wa kurudi nilitangulia hatua ishirini mbele, sikumshika mkono, mpaka nikasikia anahema, nikarudi.

Lakini sijamaliza kuhusu nesi. Alimngoja Mama amalize, akarudia swali lake taratibu. Kuna anayeumwa? Mama akasema, "Hapa hakuna. Ila Alhamisi wajukuu wangu wanakuja kutoka Tabora, na baba yao amesema wanakohoa na wana homa." Ni yeye aliyesema, Meshack, si mimi. Mimi katika hofu yangu yote nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mnakuja! Hope akamchoma sindano, akatuambia mwili unahitaji kama wiki mbili kujiandaa, kwamba kwa sasa Mama ni kama hajachanjwa, na watoto wenye homa wasimkaribie kwanza.

Ndipo nikakupigia. Nikakosea, nikaanza na "usije" badala ya kuanza na haya, nawe unajua ulimi wangu ulivyo. Lakini haya nisingeweza kuyasema kwa simu na Mama kaketi pembeni yangu. Nilimpa simu akuambie mwenyewe, akakataa. Alisema, "Akinisikia nalia atapanda gari leo leo." Akaniambia nikuandikie yote, nisikufiche kitu.

Kwa hiyo tafadhali, likizo bado ndefu. Njooni baada ya tarehe 27, watoto wakiwa wazima. Wewe na Namnyaki mtafanya mtakavyo kuhusu chanjo ya huko, mimi siwezi kuwaamulia, ila ulizeni zahanati na msiulize grupu. Na msamaha wangu sitaki kwa simu. Utaniomba ukija, na uje na dumu la asali ya Tabora, ile nyeusi.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitenge chake kimeshashonwa. Msalimie na mzee Yiamat mkweo mkizungumza. Lydia wa shangazi anawasalimu, na yeye ndio kwanza ananyanyuka kitandani. Mungu awafunike huko mliko, awatoe watoto homa, na atutunzie pumzi ya Mama siku hizi zilizobaki.

Nilimsomea Mama barua mpaka hapo. Amesema nimeandika maneno mengi na nimeacha moja. Naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie Meshack simzuii eti kwa kuwa sitaki kumwona. Jogoo yule nilimwingiza bandani kwa kumpenda."

Kisha akahesabu punje kumi na nne za mahindi, akazitia kwenye kikombe cha Baba. Anasema kila asubuhi atamtupia kuku moja, na zikiisha niwapigie mje. Ya leo ameshaitupa.

Dada yako akupendaye, hata ukikata simu,
Elinipa