Nilikataa Petroli ya Tisini na Moja, Mke Wangu Akamkosa Baba Yake

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, kazi yangu ni kupakia jasi melini hapa bandari ya Ceduna, Australia Kusini, nimeoa miaka ishirini na sita, na tangu Februari mke wangu Merryn hali, halali, anashinda jikoni anatazama ukuta, na sababu ya hali yake naijua mimi peke yangu.

Baba yake, mzee Alwyn, alichimba dhahabu Kalgoorlie maisha yake yote, vumbi likamla mapafu, na Jumanne moja hospitali ikapiga simu kwamba binti kama anataka kumwona aje sasa. Ndege hatukupata, kwa hiyo saa tisa mchana tukaingia barabarani na gari letu kulivuka jangwa la Nullarbor, karibu kilomita elfu moja na mia nne, na giza lilipoingia Merryn akaniomba tulale kidogo mpakani mwa jimbo kwa sababu ya kangaruu wanaorukia magari usiku, tukalala garini kwenye kituo cha mafuta mpaka kilipofunguliwa alfajiri, tenki likiwa limebaki robo.

Sasa nikueleze ugonjwa wangu. Kwa miaka saba gari hili nimelijaza petroli ya oktani tisini na nane tu, ile ghali, na ya kampuni moja tu. Bandarini tunawacheka wanaoweka tisini na moja, tunasema wananywesha gari maji ya kuoshea vyombo, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Pale mpakani palikuwa na tisini na moja na dizeli, basi. Nikarudisha kifuniko cha tenki, nikashika mlango wa gari, mama wa pampu akaniita, "Kaka, mbona unaondoka?" Nikamwambia gari langu halinywi hiyo. Akacheka, "Kwani limezoea mvinyo? Weka wese uende, mbele huko hakuna mtu."

Merryn akasema, "Garth, weka tu, baba ananisubiri." Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Mke wangu, nikiweka hii injini itakufa katikati ya jangwa na hatutafika kabisa. Niamini." Akaniamini.

Kituo cha pili kilikuwa na tisini na tano, lakini ya kampuni nisiyoizoea, nikakumbuka maneno ya bandarini kwamba hao wanachanganya na uchafu, na cha tatu kilikuwa cha kampuni yangu, nikapiga hesabu nikaona tutafika. Hatukufika. Mafuta yalikatika kilomita arobaini kabla, simu haina mtandao, jua linapanda. Lori likasimama, dereva akasema, "Mimi natumia dizeli, kaka, nitakupelekea ujumbe tu." Tulikaa pembeni mwa barabara saa tatu na nusu. Merryn hakunilaumu hata neno moja, alinipa nusu ya chungwa lake. Mwishowe akaja mtu wa kituo na dumu, akasema, "Tisini na nane imeisha tangu juzi. Hii ni tisini na moja. Unaitaka huitaki?"

Nikaimimina. Gari likawaka mara ya kwanza, likatembea mpaka Kalgoorlie bila kukohoa.

Tuliingia wodini saa kumi na mbili na nusu jioni. Mzee alikuwa amekata roho saa kumi na moja na dakika kumi. Nesi akasema tangu saa nane alikuwa macho, anaongea vizuri, anauliza kila mlango ukifunguliwa, "Ni Merryn huyo?" Bila kukwama tungefika saa tisa.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Kwenye mazishi shemeji yangu Trevan alinishika kola mbele ya watu, akasema, "Wewe umemnyima dada yangu baba yake," na Merryn akasimama katikati yetu, akamwambia, "Mwache mume wangu, alikuwa analinda gari ili tufike. Kosa ni langu mimi niliyeomba tulale." Anaamini hivyo mpaka leo. Ananiamkia asubuhi, "Garth, kwa nini nililala? Mtu gani analala baba yake anakufa?" Nami namwambia usijilaumu mpenzi, halafu natoka uani asinione uso.

Maana ndani ya mlango mdogo wa tenki kulikuwa na stika ya waliotengeneza gari: tisini na moja au zaidi. Nimeisoma kila wiki kwa miaka saba. Pale mpakani niliisoma nikiwa nimeshika kifuniko mkononi. Nilijua gari haliwezi kufa, ila nilishajisifu miaka mingi mno, nikaona aibu kushindwa mbele ya mama wa pampu. Tuliporudi nyumbani niliibandua stika kwa kisu, alama ya gundi ikabaki, nikaisugua mpaka rangi ikatoka. Nikimwambia ataondoka. Nisipomwambia anakufa polepole mbele yangu. Trevan haongei naye tena. Nifanye nini, nimekwisha.

Garth, Ceduna

JIBU LA BI THELMA

Garth, pole kwa msiba. Hiyo pole ni ya mkwe wako, na naitoa kwa moyo. Mengine utanivumilia.

Niliwahi kuuza petroli miaka kumi na moja kabla ya kukaa kwenye meza hii, kwa hiyo mambo ya pampu tuyamalize upesi. Tisini na nane si nguvu ya ziada. Ni mafuta ya injini iliyotengenezwa kwa ajili yake. Gari lililoandikiwa tisini na moja likipewa tisini na nane haliongezi heshima wala maisha. Lililoandikiwa tisini na tano lipe tisini na tano, usilipunje. Na kampuni zote nchini hapa zinabanwa na sheria ileile ya ubora, maneno ya bandarini ni ya bandarini. Wasomaji, someni kitabu cha gari, mkifuate, mwondoke.

Lakini wewe ulisoma. Tatizo lako halikuwa ujinga, ni kiburi, halafu woga, halafu kisu.

Unaniuliza umwambie au usimwambie, kana kwamba kuna njia mbili. Mwanamke huyu amebeba mzigo wako mgongoni miezi mingapi sasa, amegombana na kaka yake kwa ajili yako, na kila asubuhi anakuuliza swali ambalo jibu lake liko mfukoni mwako. Unamwambia "usijilaumu". Amlaumu nani, basi, kama aliyekosa kajificha? Kulala kwake kulikuwa busara. Kangaruu mmoja kwenye kioo na mngezikwa watatu.

Mwambie. Mchana, mkiwa mmekaa, simu zimezimwa. Anza na hili: "Kulala hakukutuchelewesha. Ni mimi." Kisha eleza stika, eleza ulivyoibandua, yote, kwa pumzi moja. Usimfundishe habari za oktani. Usiseme "nilidhani", kwa sababu hukudhani. Usiombe msamaha siku hiyo, maana atalazimika kukujibu, na ameshakufanyia mengi. Usilie kwa sauti akashindwa yeye kulia. Akitaka kwenda kwa kaka yake, mpe funguo. Kisha mpigie Trevan mwenyewe, umwambie alikuwa sahihi na dada yake hakujua. Na siku hiyohiyo mtafutie daktari, kwa sababu mtu asiyekula wala kulala tangu Februari haponi kwa maneno peke yake.

Atakusamehe? Sijui, Garth, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Sauti ya mzee akiuliza mlangoni hairudishwi na ungamo lolote. Huenda ukabaki na nyumba tupu. Lakini yeye atakuwa ametoka gizani, na hilo ndilo deni lako kwake, si ndoa.

Majina nimeyabadilisha, lakini barabara ile na siku ile mkeo anazijua, na gazeti hili linaingia nyumba nyingi za Ceduna. Ndiyo maana jibu hili nimelituma kwako kwa posta wiki nzima kabla ya kulichapa, ayasikie kwako kabla hajayasoma. Likikufikia, weka karatasi chini, usiisome mara ya pili. Yuko jikoni. Nenda sasa hivi.