Kura Mbili za Hapana

Dada yangu Lorna,

Huku Ohio theluji imeshaanza, na goti langu linanisumbua. Mkate wa maboga uliouagiza nitaupeleka posta Jumatatu.

Ile kura ya kuongeza kodi ya majengo ili shule zetu zipate fedha imeanguka. Wiki sita nzima mume wangu, Verlin, alizunguka mlango kwa mlango kuipigia debe pamoja na Maxine, mwalimu wa muziki. Kila tukila ni Maxine kasema hivi, Maxine kacheka vile.

"Mbona umenuna?" Verlin akaniuliza.

"Nani kanuna? Kula, chakula kinapoa."

Mimi hakuniomba hata siku moja tufuatane.

Siku ya kura nilivaa beji yao ya Ndiyo, nikaingia kibandani, nikaweka alama penye Hapana. Jirani yetu Opal nilikuwa nimeshamtia hofu kwamba kodi itamtoa nyumbani kwake, naye akafanya vilevile.

Wameshindwa kwa kura mbili. Darasa la muziki linafungwa, na Maxine anahamia Indiana. Verlin alilia mezani, akanishika mkono.

"Angalau wewe ulikuwa nasi, Wilma."

Sikuutoa mkono, dada. Ndiyo mara ya kwanza kunishika tangu kiangazi.

Ukimaliza kusoma, ichome.

Mdogo wako,
Wilma