Kivuli cha Mkuyu wa Mama Sechelela

Dodoma, Jumanne. Kiangazi kimekaza. Upepo umepuliza vumbi tangu alfajiri na mdomo wangu una ladha ya tofali bichi.

Nimeamka nikiwa simwamini mtu. Nilianza na mpishi wa kambi, maana uji wake ulikuwa mzito, na mpishi wa kambi ya reli hakupi uji mzito hivihivi. Nikaunywa wote, nikiuchunguza.

Ndivyo nilivyo. Mtu aliyekula pilau Bagamoyo, akacheza karata Tabora na kumfundisha Mgiriki mmoja kutukana kwa lugha nne hadanganywi kirahisi. Hapa Ugogo wananiita Mswahili wa pwani. Nawaacha waniite, jina lina heshima yake.

Leo nilikuwa na sababu. Ilikuwa mkuyu.

Bwana mpimaji, yule Mdachi ninayemshikia mnyororo wa kupimia, ametoa amri: mti wowote ambao ukianguka unaweza kuifikia reli, ukatwe. Sikatai, garimoshi likigonga gogo hatutaulizana nani alikuwa na haki. Kwa hiyo kila mti unapimwa mara mbili, umbali wake kutoka relini na urefu wake. Urefu ukizidi umbali, unachorwa msalaba mwekundu na wenye mashoka wanajua kazi yao.

Mkuyu wa Mama Sechelela uko mita ishirini na tano kutoka relini. Hilo nalijua kwa mikono yangu. Umesimama ukingoni mwa korongo, na chini yake kuna kisima alichochimba marehemu mumewe mchangani. Mizizi ya mkuyu ndiyo inayoshika kingo za kisima kile. Mti ukiondoka, kingo zitaporomoka na mchanga utajaa. Yule mama, mwenye tembe moja na ng'ombe wanaohesabika, atawapeleka wapi kunywa kiangazi hiki?

Jana jioni Shabani alirudi kambini akasema mkuyu una mita thelathini, na msalaba keshauchora.

Shabani ni mtu wa Kondoa, msimamizi wa wakata miti, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mimi watu wapole nawatazama mara mbili. Na kuni anazokata ndizo zinazolisha garimoshi. Nikajiambia, aha, ndugu yangu, umeuona mti mnene ukaingiwa na tamaa.

Mita thelathini! Mimi nimelala chini ya minazi tangu utotoni. Mti mrefu naujua hata nikiwa nimefumba macho.

Lakini macho si ushahidi mbele ya Mdachi, anataka hesabu. Hapo ndipo elimu yangu ilipohitajika, elimu ambayo, niseme ukweli, haikukamilika. Shuleni pwani nilifika kwenye uwiano ndipo nikaondoka. Au uwiano ulinifikia mimi nikakimbia. Ila kipande nilichokimbia nacho ni kizima.

Chenyewe ni hiki. Simamisha fimbo wima juani. Fimbo, kivuli chake, na mstari wa jua kutoka ncha ya fimbo hadi ncha ya kivuli vinafanya pembetatu ndogo. Mti na kivuli chake vinafanya pembetatu kubwa. Jua ni lilelile, mshazari wake ni uleule, basi pembetatu hizo zina sura moja, kama mama na binti yake. Kivuli cha fimbo kikiwa mara mbili ya fimbo, na cha mti kitakuwa mara mbili ya mti. Hupandi mti wala huvunjiki mguu.

Asubuhi, kabla mifugo haijaletwa majini, nikaenda na fimbo ya mita mbili na kamba yangu. Mama Sechelela alikuwa anachota maji.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jana mmoja, leo mwingine. Mnataka nini na mti wangu?"

"Nataka kupima kivuli chake tu, mama."

Akaweka kibuyu chini, akanitazama kama ninavyomtazama mpishi. "Kivuli. Ukimaliza kivuli utapima na harufu?"

"Harufu nitaipima mwisho, nikipata pua ya kuazima."

Hakucheka. Alinifuata hatua kwa hatua, na kila nilipoinama kuweka kamba alisogea kuona naacha nini ardhini. Simlaumu. Wakija watu wa serikali kupima, hakuna anayejua wataondoka na nini.

Kivuli cha fimbo ya mita mbili kilikuwa mita tatu. Bila kupoteza muda nikakimbilia mkuyu. Kutoka shinani hadi ncha ya kivuli, mita thelathini.

Moyo ukaruka. Thelathini! Nikadhani Shabani yuko sahihi. Kisha akili ikarudi ikiwa imevaa kanzu safi: hicho ni kivuli, siyo mti. Kwa kila mita tatu za kivuli kuna mita mbili za fimbo. Thelathini ina tatu mara kumi. Basi mti ni mbili mara kumi.

Mita ishirini. Ukianguka wote, na laana zake, bado reli haiguswi.

Ningemwambia Bwana taratibu na mambo yakaisha. Lakini mimi na taratibu hatujawahi kusafiri pamoja. Bwana alipofika na Shabani na vijana wenye mashoka, nikasimama kwenye kisiki kama kadhi.

"Bwana, mti huu ni mita ishirini. Huyu Shabani ni mwizi wa miti. Ametaka kuni!"

Uso wa Shabani ukaiva, kisha ukawa wa majivu. "Kuni? Za mkuyu? Wewe mtu wa pwani umewahi kuwasha mkuyu? Ni moshi mtupu! Dereva wa garimoshi atanifukuza kwa koleo."

Vijana wakacheka. Walinicheka mimi.

"Basi hiyo thelathini uliipata wapi?"

"Nilipima. Fimbo mita mbili, kivuli chake mita mbili. Sawa kwa sawa. Kivuli cha mti mita thelathini, basi na mti thelathini."

Hesabu haikuwa na kasoro. Hapo ndipo niliposhuku zaidi. Mwongo hodari huwa na hesabu safi.

"Ulipima vyote kwa wakati mmoja?"

Akaitazama fimbo. Nikajua nimemnasa. Fimbo ameipima jua likiwa juu, mti jua likiwa limeinama na vivuli vimerefuka. Nikafungua mdomo niseme hayo kwa sauti kubwa zaidi.

"Mwache," akasema Mama Sechelela.

Sote tukageuka.

"Mimi ndiye niliyemzuia. Ng'ombe wangu walikuwa wamekunywa, wamelala kivulini. Kajike kamoja kana mimba, kamechoka. Nikamwambia, mwanangu, usiwainue, ngoja wainuke wenyewe. Akangoja. Akakaa pale na fimbo yake mpaka ng'ombe walipoondoka."

"Na fimbo ulikwisha kuipima?" nikamuuliza Shabani, polepole safari hii.

"Nilikwisha kuipima."

"Hukuipima tena?"

"Fimbo ni ileile," akasema. "Nilidhani na kivuli chake ni kilekile."

Kwa hiyo yule mama aliwaombea ng'ombe wake usingizi, na kwa ombi hilo nusura apoteze kisima. Aliponiona nimeelewa, alielewa na yeye. Akakaa chini palepale.

Bwana akanisogelea. Akachukua fimbo yangu, akaisimamisha mwenyewe, akaniambia nikimbie na kamba mtini. Vivuli vilikuwa vimefupika tangu nilipopima, lakini vimefupika pamoja. Akaandika, akazidisha, akagawanya, akapangusa jasho.

"Ishirini. Mti ubaki."

Shabani akachukua panga, akaukwangua ule msalaba mwekundu kwenye gome, taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. Mama Sechelela akatuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kimoja. Nikampa Shabani aanze. Nilimwambia mbele ya vijana walewale walionicheka kwamba yeye si mwizi, na kwamba mdomo wangu una miguu mirefu kuliko kichwa changu. Akanywa, akasema amesamehe. Nilimtazama mara mbili, kwa mazoea. Alikuwa amesamehe.

Ningepaswa kulala vizuri leo.

Ila tulirudi kambini kwa miguu, mimi na yeye, kando ya reli. Njiani kuna visiki vya miti aliyoipima. Nikaanza kuvitazama. Kisiki cha kwanza, samadi kavu imekizunguka. Cha pili, samadi. Mgunga mkubwa uliokuwa karibu na lambo, kisiki chake kimekaa katikati ya uwanja uliokanyagwa na kwato. Na ile miti myembamba isiyo na kivuli cha maana, ambayo hakuna ng'ombe angejisumbua kuilalia, bado imesimama, haina msalaba.

"Shabani," nikasema, "hii nayo ulingoja ng'ombe wainuke?"

Alikuwa anaitazama ile samadi.

"Siwezi kumwinua ng'ombe wa mtu," akasema. "Kwetu ni aibu."

Nimetafuta mwizi mchana kutwa. Mwizi ningemjua nifanyeje naye. Lakini huyu ni mtu mwenye adabu, na kwa adabu yake amekata kila kivuli kizuri kutoka hapa hadi stesheni ijayo, na kuacha vibaya.

Mbele yetu bado iko misalaba mingi myekundu ambayo haijafikiwa na mashoka. Kesho kabla ya mifugo kuja majini tutatoka wawili, yeye kwenye fimbo na mimi mtini, na tutapima kwa sauti moja. Bwana akiuliza nani ametutuma, sijui nitamjibu nini. Je, mashoka yatatungoja tuifikie yote?