Kibuyu Chako na Tangi la Ilomba

Ilomba, Mbeya

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Kamwene. Je, mgongo umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi hunibana magoti.

Binti yetu Neema amenipigia simu kusema kwamba unataka kukitupa kibuyu cha mtindi, kwa kuwa umebaki peke yako hapo Kihesa na hakuna wa kunywa. Tafadhali soma kwanza barua hii mpaka mwisho.

Hapa kazini tunatengeneza asidi laktiki, ule uchachu uliomo katika mtindi. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini huingia tangini kwa juu, tone kwa tone, na yaliyochacha hutoka kwa chini kwa kasi ileile. Tangi halimwagwi kamwe. Ndani yake wanaishi bakteria wa aina mbalimbali. Uchachu ukiwachosha hawa, wale huendeleza kazi.

Jumamosi niliachiwa zamu. Unanijua, sipendi uzembe. Niliona matone yanachelewa, nikafungulia koki yote. Jumatatu Atu, binti anayetusimamia, alipima uchachu, akanigeukia.

“Baba, umegusa koki?”

“Nimeharakisha kazi.”

“Umewasomba bakteria wote! Hawajazaliana, unawapitishia mto? Sasa mbegu tutaitoa wapi?”

Ndipo nikaikumbuka chupa ya mtindi uliyonitilia mfukoni siku ya safari, nami nikanung'unika kwamba hata Mbeya kuna ng'ombe. Nimekuwa nikibakiza kidogo na kuongeza maziwa kila siku, kama ufanyavyo. Tuliimimina tangini, tukafunga koki, tukangoja. Siku ya tatu Atu alipima tena, akacheka.

“Wamerudi! Mwambie mama ahsante. Wewe bado nimekununia.”

Mama Neema, mwaka wetu wa kwanza nilikiosha kibuyu ulichopewa na mama yako, kwa sabuni na maji ya moto, nikakuonyesha kwa fahari jinsi kilivyotakata. Ulilia, ukaenda kwa miguu hadi Mlandege kumwomba dada yako mbegu nyingine. Nilisema unalilia uchafu. Nilikosa, na nimechelewa mno kukuomba radhi.

Msalimie dada yako huyo, Neema na mumewe, pamoja na mchungaji wetu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nami sitauongeza.

Basi kila asubuhi bakiza kidogo kibuyuni, uongeze maziwa. Wa kunywa anakuja.

Mumeo,
Baba Neema